Sauti Yangu Ilimzika Wilondja Akiwa Hai

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, na Papa akinisikia natumia neno hilo anacheka mpaka anashika meza. "Umestaafu kazi gani, weye? Hata meno ya mwisho haijaota!" Lakini kazi niliifanya, na nimeiacha, na kuna wawili wanaokuja nyuma yangu, Daniella na Benita, ambao wameniomba niwaeleze inavyofanyika. Wao hawaogopi kuongea mbele ya watu, kwa hiyo wanaanza na bahati kubwa kuliko mimi. Bon. Nitaeleza. Cheo sikuwahi kupata na mshahara haukuwepo, kwa hiyo hizo sura mbili tunaziruka.

Mjue kitu kimoja mapema: ninaandika nikiwa na hasira. Tantine Odette alinishauri nisubiri ipoe. Nimesubiri baridi yote iliyobaki, barafu imeshaondoka kwenye Mto Niagara, na yangu bado ipo. Basi someni hivyo hivyo.

Redio Sebule haikuwa redio yenye mnara. Ilikuwa sauti iliyotumwa kwenye simu za watu kila jioni. Mwenye nayo alikuwa Direkta, anayeishi Columbus. Mchana anapakia maboksi ghalani kama baba zetu wote, jioni anakuwa Direkta. Jina lake la kweli mnalijua, na sitaliandika hapa kwa sababu angefurahi kuliona limeandikwa. Wasikilizaji walikuwa watu wetu wa Kivu ya Kusini waliotawanyika katika miji mitatu: Louisville, Columbus, na huku kwetu Buffalo. Mama anayesonga fufu Beechmont, kule Louisville, na baba anayerudi kutoka kiwandani huku Riverside walisikia habari moja: shule gani imefungwa kwa theluji, basi gani imebadilisha njia, nani amejifungua, nani anaoa, maombi yako kwa nani Jumamosi. Na tanzia.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne. Kabla yangu msomaji alikuwa Tantine Odette. Yeye si shangazi yangu wa damu, tunapanga nyumba moja, wao juu, sisi chini. Zamani alisoma habari kwenye redio kule Uvira. Sasa anawaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee kule Cheektowaga, na wakati ule walimbadilishia zamu, ikawa jioni hayupo. Alikuwa amenisikia kupitia sakafu nikiwasomea wadogo zangu hadithi. Shuleni hakuna aliyekuwa amenisikia. Mwalimu wa Kiingereza aliwahi kumwita Papa kumuuliza kama ninaelewa lugha. Kwaya ya kanisani nilikuwamo, lakini nilikuwa nachezesha midomo tu. Mtu akiniuliza jina langu, ambalo ni Sifa tu, nilikuwa naangalia viatu vyake.

Tantine hakunibembeleza. Alifungua kabati la makoti karibu na mlango, akasogeza viatu vya theluji kwa mguu, akasema, "Ingia."

"Mule ndani, Tantine?"

"Makoti inakula mwangwi. Na hakuna mutu atakuona. Ingia, soma."

Alifunga mlango, akakaa nje akiuegemea kwa mgongo. Nikasoma habari ya kwanza ya maisha yangu gizani, kwa mwanga wa simu, pua yangu ikiwa ndani ya mkono wa koti la Papa. Ilikuwa habari ya basi kubadilisha njia. Niliisoma kwa sauti ya chini na ya huzuni hivi kwamba mama mmoja wa Columbus alipiga simu kuuliza ni nani amekufa.

Kwa hiyo somo la pili lilikuwa kutabasamu. "Batu banasikia meno yako," Tantine alisema. Habari njema unaisoma ukiwa umeonyesha meno, hata kama uko gizani peke yako na unajisikia mjinga. Jaribuni. Jina la mtoto aliyezaliwa likisomwa na meno ni jina lingine kabisa. Mengine ni haya: simu ivalisheni soksi ya sufu ili pumzi isipige. Kunyweni maji ya uvuguvugu, si chai ya maziwa, maziwa yanaganda kooni. Msiwasomee watu wote kwa mpigo, msomeeni mtu mmoja. Mimi nilikuwa namsomea mama wa Beechmont nisiyemjua, aliyesimama mbele ya jiko. Nilikuja kumjua baadaye. Ningependa tungejuana kwa njia nyingine.

Tanzia ni jambo la peke yake, na hapa mnisikilize. Tanzia ikisomwa watu wetu hawaulizi mara mbili. Columbus wanawasha magari. Buffalo wanaomba ruhusa kazini, na wasiopewa ruhusa wanaondoka hivyo hivyo. Nyumbani kwa mfiwa viti vinatolewa, magodoro yanatandikwa chini, akina mama wanamzunguka, na kitu cha kwanza wanachomfanyia ni kuchukua simu yake. Mfiwa hashiki simu. Mwenye pole aje auonyeshe uso wake. Mengine yote yanapita kwa mama mmoja anayeaminika, ambaye simu ile inakaa ndani ya mkoba wake mpaka kilio kiishe. Ni desturi nzuri. Bibi yangu alipofariki niliona ilivyompumzisha Mama. Sina ugomvi na desturi.

Ndiyo maana sheria ya Tantine ilikuwa kali. "Tanzia hausome mpaka usikie kwa kinywa ya mutu wa nyumba ile. Si jirani. Si pasta. Mutu wa nyumba." Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu hizo, akiwa kwenye mapumziko yake kazini, na kunitumia neno moja: soma.

Lakini Direkta alikuwa mtu wa kurahisisha. Mwaka wangu wa pili aliniambia, "Sifa mama, kwa nini unajichokesha? Maneno ya mwanzo ni ile ile, ya mwisho ni ile ile. Rekodi mara moja, tuweke akiba. Alafu kila mara unanitumia jina tu, napachika katikati." Lilionekana jambo la akili. Nilikuwa na mitihani. Nikarekodi vizuri sana, kwa heshima, nikimfikiria bibi yangu: "Kwa majonzi makubwa, Redio Sebule inatangaza kifo cha..." Kisha pengo. Kisha "...Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Familia yote ya mbali na ya karibu ipate habari hizi." Sijilaumu kwa hilo. Kila redio ina akiba yake. Nalaumu mkono ulioingia kwenye akiba.

Sasa meli.

Mwisho wa mwaka, sisi huku tukichimbua magari yetu kwenye theluji, televisheni zote zilianza kuonyesha meli ya utafiti iliyokwama kwenye barafu kule kusini kabisa ya dunia. Upepo ulikuwa umesukuma barafu ikaizunguka, ikawa haiendi mbele wala nyuma. Kule ni kiangazi, walisema. Papa aliangalia picha, akaangalia dirishani kwetu, akasema kiangazi yao inafanana na Riverside.

Mwanzoni nilipenda habari ile. Kisha nikaanza kuichukia, pole pole, kama mtu anavyochukia jirani. Ndani ya meli kulikuwa na wataalamu, na waandishi wa habari waliobeba mtambo wao wa kurusha picha kupitia angani. Kila siku tuliwaona. Walicheza mpira juu ya barafu. Walimpa pengwini jina. Mtangazaji mmoja wa studioni alivaa koti kubwa la manyoya ili achekeshe. Wengine walibishana jioni nzima, wakinyoosheana vidole, kama kukwama kwa meli kunaonyesha barafu ya dunia inaisha au haiishi, kana kwamba mle ndani hamna watu. Na kila mara mtaalamu mmoja mwenye ndevu alisema, "Tuna moyo, na tunakula vizuri."

Tunakula vizuri. Hakuna hata mwandishi mmoja aliyeuliza: nani anawapikia?

Wilondja ndiye aliyewapikia. Wilondja, mtoto wa Mama Wilondja wa Beechmont, aliyekua kule, aliyeosha vyombo kwenye majiko ya Louisville mpaka mpishi mmoja akamvuta kwenda kufanya kazi melini. Alimenya, aliosha, alipika uji wa asubuhi, alipeleka supu. Mara moja tu alionekana kwenye televisheni, na haukuwa uso. Mkono uliweka bakuli mbele ya yule mwenye ndevu, ukaondoka. Mama yake aliisimamisha picha, akawaita majirani waje. "Ile mukono ni ya mutoto yangu," alisema. Majirani walikuja wakautazama ule mkono, wakausifu.

Tantine aliponisimulia hilo nilikasirika hivi kwamba niliingia kabatini bila hata kuitwa. Tukakubaliana: kila jioni, baada ya shule na mabasi, habari ya mwisho itakuwa ya Wilondja. Tulipata maneno yake kupitia mama yake, maana wale waandishi walikuwa wanawaruhusu wafanyakazi watume ujumbe mfupi kwa mtambo wao. Sikuwa na mengi ya kusema. "Na ndugu yetu Wilondja, mtoto wa Beechmont, leo amepika maharage. Anawasalimu wote." Jina lake nililisoma na meno yote. Mama Wilondja alimwambia Tantine kwenye simu, "Nikisikia ile jina na ile sauti ya mutoto, njo usingizi inakuja." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kazini, na sikuhitaji nyingine.

Watu walianza kutumiana habari zetu. Wasikilizaji wakaongezeka, na Direkta akapata joto. Alianza kuweka picha ya meli nyingine kabisa, inayozama kwenye bahari isiyo na barafu hata kidogo, na maandishi mekundu juu: WILONDJA KATIKA MDOMO WA KIFO. Chini yake sauti yangu inasema amepika maharage.

"Direkta," nilimwandikia, maana kwa simu sikuthubutu, "ile si meli yake."

"Meli ni meli," alijibu. "Batu banabonyeza picha, habanabonyeza maharage."

Kisha helikopta zikaja. Ziliwachukua wataalamu na waandishi na ule mtambo wao, zikawapeleka kwenye meli nyingine. Televisheni zilionyesha watu wakikumbatiana, wakilia, yule mwenye ndevu akipiga magoti. Mtangazaji alivua lile koti lake la manyoya, akasema: wote wako salama, wote wameokolewa. Kesho yake walihamia kwenye habari ya mbwa aliyekwama ndani ya bomba.

Wote. Mama Wilondja alitazama wale wote wakishuka, mmoja mmoja, na mtoto wake hakuwemo.

Mimi nilitafuta. Kwa kweli haikuhitaji akili nyingi, ilihitaji kusoma mpaka chini. Mwishoni mwa habari moja ya gazeti, baada ya matangazo ya viatu, kulikuwa na sentensi moja kwamba nahodha na wafanyakazi wamebaki melini, wako sawa, chakula kipo, wanasubiri upepo ugeuke. Ndivyo meli zinavyofanya, haziachwi bila mtu. Niliingia kabatini nikairekodi vizuri: Wilondja na wenzake wamebaki kuilinda meli, mtambo wa waandishi umeondoka, kwa hiyo ukimya si habari mbaya. Nikaituma Columbus. Jioni nikasikiliza. Haikuwamo.

Siku iliyofuata, nimetoka tu shuleni, Direkta alinipigia.

"Sifa mama, nipatie tanzia ya Wilondja."

Nilisimama katikati ya njia. "Amekufa lini?"

"Bon, siku tutaijua. Televisheni imesema bote baliokolewa. Weye ulimuona?"

"Nilikutumia habari jana. Wafanyakazi wamebaki."

"Ile gazeti nani anasoma? Barafu inabana meli, simu yake haiite, mama yake hana habari. Louisville yote inasema amekufa. Donc tungoje nini? Kuna redio ya wale bengine, batatutangulia."

"Nani wa nyumba ile amesema?"

"Sifa, miye njo Direkta."

"Tantine alisema mutu wa nyumba."

"Odette anaogesha bazungu, hana redio tena."

Nikakata. Nilikuwa sijawahi kumkatia mtu mzima simu maishani mwangu. Nilidhani nimeshinda.

Kesho yake niko kwenye ukumbi wa chakula shuleni, nimekaa pembeni kama kawaida. Msichana mmoja wa kwetu, ambaye huwa haniongeleshi, akanijia na simu yake amenyoosha mkono. "Pole," akasema. "Ni ndugu yako?" Na simu ikawa inaongea kwa sauti yangu. Kwa majonzi makubwa, Redio Sebule inatangaza kifo cha. Nikimfikiria bibi yangu. Halafu, katikati, "Wilondja!" — lile la maharage, na meno yote, jina linalocheka. Halafu Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Sijui jinsi ya kuwaelezea. Wengine wana uso, wana maneno, wana marafiki, wakiudhiwa wanapiga kelele. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, na nilikitengeneza gizani kwa miaka. Mtu akakikata vipande, akakishona upya, akakituma kwa mama ili kimwambie mtoto wake amekufa. Kwa sababu ya kutangulia!

Tantine naye aliisikia akiwa kazini. Alirudi na sare yake, hajavua hata viatu. "Ile jina inacheka," alisema. "Kwenye kilio jina haiwezi kucheka. Nilijua si weye." Kisha akakaa sakafuni kwetu na kuitafuta kampuni ya meli, kutoka simu moja hadi nyingine, kwa Kiingereza chake cha Cheektowaga ambacho kinawatiisha hata madaktari. Mwishowe akapata mwanamke mmoja aliyekuwa mpole sana na hakusaidia kitu. Kuhusu mfanyakazi yeyote, alisema, tunaongea na mama yake tu. Na yeye tunampigia tangu jana jioni, hashiki simu.

Tantine alinitazama. Tukaelewa pamoja. Mkoba.

Tulipiga na sisi. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Tulipiga kwa majirani wa Beechmont: wote walikuwa kwenye kilio, simu zimezimwa kwa heshima. Direkta hakupokea. Papa alichukua koleo na kwenda kuondoa theluji nyuma ya gari.

Alfajiri tuliondoka, Papa, Tantine na mimi. Tulipitia Columbus tumtake Direkta aifute tanzia kwa mdomo wake. Mke wake alifungua mlango, mtoto mgongoni, akatutazama kwa huruma. "Hayuko. Alienda Louisville, kwa kilio. Alibeba ile fimbo ya kamera." Papa ni mzee wa kanisa. Neno alilolisema wakati anarudi kwenye gari sitaliandika.

Tulifika Beechmont mchana. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi hivi kwamba tuliviruka. Ndani akina mama wamekaa kwenye magodoro wanaimba polepole, na katikati yao Mama Wilondja, kitambaa kimeanguka shingoni, macho yako ukutani. Amejiinamia na kuyumba kama mtu aliyebeba mtoto asiyelala. Ndiye huyo, mama wangu wa mbele ya jiko. Direkta alikuwa kwenye kona, amevaa suti, fimbo juu, anarusha moja kwa moja.

Tantine alitakiwa aongee. Tulipanga hivyo garini. Lakini watu walimshika mlangoni kumpa pole, kumkumbatia, kama inavyopasa, na wimbo ukaendelea. Mimi ni mwembamba, nikapita. Nikapiga magoti mbele ya Mama Wilondja na kusema kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Mama, simu yako iko wapi?"

Wimbo ukakatika. "Ni ule!" mtu akasema. "Ni ile sauti ya tanzia!" Na Mama Wilondja akanitazama, na uso wake... alishika masikio yake kwa mikono miwili, akapiga ukelele, akarudi nyuma mpaka ukutani, kama nimekuja na kisu. Sitausahau. Hata nikizeeka kweli.

"Mutoto weye, hauna adabu?" Huyo alikuwa Mama Pendeza, mama mkubwa wa mwili aliyepewa simu. Mkoba wake aliuweka kifuani. "Mufiwa hashike simu!"

"Nani amempigia, Mama?" Nilikuwa nalia, lakini sauti ilitoka. "Angalia tu. Nani amempigia?"

"Batu ya pole. Na ile namba moja ndefu, haina jina, inapiga, inapiga, naikata. Nilijua ni bale ba bima ya gari."

Tantine alikuwa ameshafika. Hakupandisha sauti. "Mama Pendeza. Fungua mkoba."

Akafungua. Kati ya vitambaa na Biblia ndogo na pipi za watoto, simu ya Mama Wilondja ilikuwa imejaa namba ile ile ndefu. Tantine akaipigia, akaiweka sauti juu, akanipa, yeye akageuka kuwanyamazisha watu. Yule mwanamke mpole akapokea, akauliza kama anaongea na mama yake Wilondja. Ikabidi mimi ndiye nitafsiri. Yaani yule mama, masikio ameyaziba, alitakiwa apokee uhai wa mwanawe kwa sauti ile ile. Hakutaka. Mama Pendeza mwenyewe alimshika mikono akaishusha. Mwanamke akasema kijana anamsumbua kila mtu kwa ajili ya mama yake, subirini, tunamuunganisha na simu ya nahodha.

Kulikuwa na mlio, na upepo. Halafu:

"Mama? Mbona haushike simu? Hii batu inakutafuta siku ngapi!"

Mama Wilondja alisema, kwa sauti ndogo, "Wilo. Uko wapi?"

"Mama, niko kwenye barafu, si unajua? Niko namenya viazi. Kelele gani hiyo? Uko na bageni?"

Mama mmoja nyuma, mzee, hasikii vizuri, alikuwa bado anaimba. Alimaliza ubeti wake kwanza. Halafu nyumba nzima ikapasuka.

Na katikati ya vigelegele vile, Direkta alinijia na fimbo yake, macho yanang'aa, anacheka. Hakuwa na aibu hata ya kuazima. "Muujiza! Sifa mama, njoo, sema hapa, batu banaangalia! Sema: Wilondja amefufuka!"

Akanisogezea ile simu mpaka puani. Watu wote wakanitazama. Hapakuwa na kabati, hapakuwa na makoti. Nikasema:

"Wilondja hakufa, kwa hiyo hakufufuka. Alikuwa jikoni. Direkta alijua, nilimtumia habari. Sauti mliyosikia ni yangu, lakini tanzia ile sikuisoma. Aliikata na kuishona."

Direkta akaishusha fimbo haraka, lakini Mama Pendeza alikuwa ameshanyoosha mkono. "Lete," alimwambia. Alimpa. Mwanaume mwenye suti, alimpa. Mama Pendeza akaitia ile simu ndani ya mkoba, pamoja na fimbo, akafunga zipu, akaukalia.

Hiyo ilikuwa habari yangu ya mwisho.

Direkta ametangaza baadaye kwamba lilikuwa kosa la mitambo. Mitambo! Televisheni kubwa nazo hazijarudi kusema kwamba "wote" haikuwa wote. Upepo uligeuka, barafu ikaachia, meli ikatoka yenyewe polepole na wapishi wake, na sikuona koti la manyoya hata moja. Watu wetu wamehamia kwenye matangazo mapya ya Tantine Odette, na ndiko mnakoanzia kazi, Daniella na Benita. Kabati ni lile lile. Nimeacha soksi ndani, kwenye mfuko wa koti la Papa. Akiba ya tanzia hakuna tena, na msije mkaiweka. Kila anayekufa asomewe upya, mwanzo mpaka mwisho, na mtu aliyeongea kwanza na nyumba yake. Simu isipopokelewa, ombeni mtu awaendeshe, mwende. Na mkisikia mtu anasema "wote", muulizeni aliyepika.

Mmeniuliza kwa nini siendelei, na kwa nini nimewaandikia badala ya kuwarekodia. Wilondja alirudi, tukaenda Beechmont kula. Mama yake alinikumbatia mlangoni mpaka mbavu zikauma. Nikasema, "Jambo Mama." Hiyo tu. Mama yake akarudi nyuma akitafuta ukuta wa kushika, akazigonga sahani alizobeba Wilondja, naye akazidaka. "Si kosa yako, mwanangu," Mama Wilondja aliniambia. "Najua. Ila masikio haijajua." Anajaribu sana. Nimejaribu na mimi, mara ya pili, mara ya tatu, na meno. Anatetemeka.

Kwa hiyo nikienda kwake tunakaa jikoni na kumenya viazi. Yeye anaongea, mimi natikisa kichwa. Wageni wakiingia wanauliza kama huyu mtoto hajui kusema.

"Anajua sana," Mama Wilondja anawajibu, na kunisogezea kiazi kingine.